Siku Watoto wa Darasa la Nne Walipoondoka

Saa nne asubuhi kengele ya mapumziko inalia. Watoto zaidi ya sitini wanajimwaga nje kwa mkupuo mmoja, na mwalimu wao anabaki peke yake na vumbi la chaki. Hafuti ubao. Hakusanyi madaftari. Anakwenda dirishani, anaegemeza paji la uso kwenye nondo, anafumba macho.

Anasikiliza.

Nje kuna kila aina ya fujo. Mmoja analalamika kachezewa rafu, mwingine analia kilio cha uongo, wasichana wanaruka kamba na kuhesabu kwa sauti za kupasua masikio. Mwalimu anafumbua macho na kushusha pumzi. Sasa anaweza kwenda ofisini kunywa chai.

"Wenzangu wananicheka," anasema akijifuta chaki kwenye viganja. "Wanasema nimekuwa daktari wa kupima mapigo ya moyo. Waache wacheke. Siku ile wao walikuwa ndani wanakunywa chai. Mimi nilikuwa uwanjani."

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Tulia, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Amefundisha miaka kumi na saba, na mwenyewe anakiri kwamba muda wote huo hakuna kitu alichokililia kama ukimya. Alipoupata, alitamani aurudishe ulikotoka.

Ni mama wa watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, yuko darasa la sita, na amemchukua mama yake kila kitu: weusi uleule wa kung'aa, nywele zilezile. Wa pili ni wa kike, yuko darasa la nne, darasa la mama yake mwenyewe, na amemfuata baba: ngozi ya maji ya kunde, nywele zinazolala.

Baba yao ni fundi wa friji. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, na yeye huitika kwa furaha. Babu wa babu yake aliletwa nchini kujenga reli, reli ikaisha, yeye akabaki. Tangu hapo wote wamezaliwa hapa na kuzikwa hapa. Fundi Baridi hajui lugha nyingine zaidi ya hii anayogombania nayo bei ya gesi.

"Tulipooana watu walisema maneno mawili matatu, yakapita," anasema Mwalimu Tulia. "Tukazaa, tukasahau. Watoto wetu walikuwa watoto tu. Wa kwanza akimbebea wa pili begi, wa pili akimsengenya wa kwanza kwa baba. Mambo ya kawaida."

Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi.

Gari la kampeni lilikuwa likipita barabara ya shule karibu kila siku, vipaza sauti vinne juu yake. Mgombea mmoja alikuwa na sentensi fupi iliyorekodiwa na kurudiwarudiwa kwa sauti ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale: *Kila mtu kwao. Kila mtu kwao.* Hakukuwa na tusi wala ngumi iliyokunjwa.

"Ingekuwa sauti ya ukali, tungeifungia madirisha," anasema mwalimu. "Ile ilikuwa inaingia tu. Siku moja nilijikuta naosha vyombo huku naiimba. Mimi! Na mume wangu ameketi pale mezani. Tulitazamana."

Ilikuwa wiki chache kabla ya kura alipotoka ofisini wakati wa mapumziko kumtafuta mwanafunzi aliyesahau kalamu yake. Akafika uwanjani na kusimama.

Uwanja ulikuwa umejaa watoto na hausikiki.

"Unajua uwanja wa shule ulivyo. Hata wakiwa watano tu, ni kelele. Walikuwepo karibu shule nzima, na nikawa nasikia upepo unavyogusa bati. Nilidhani masikio yangu yameziba. Nilijipiga kofi dogo hapa, hivi."

Watoto walikuwa wamepanga mistari. Kila mmoja alikuwa amekunja mkono wa shati na kunyoosha mkono mbele. Mtu mmoja alikuwa akipita kati yao bila haraka, anaweka mkono wake kando ya kila mkono ulionyooshwa, anatazama, kisha anagusa bega. Bega la kulia, mtoto anakwenda upande wa ukuta. Bega la kushoto, anakwenda upande wa geti. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyebisha. Aliyeguswa alikwenda zake na kusimama aliposimamishwa.

Mpimaji alikuwa mtoto wa Mwalimu Tulia. Yule wa kwanza.

"Nilimwita kwa jina. Aligeuka, wote wakageuka. Uwanja mzima. Wakanitazama kama mtu aliyeingia msibani anapiga mluzi. Halafu kengele ikalia, wakacheka, wakakimbia madarasani kama kawaida yao. Nikabaki nimesimama na ile kalamu."

Usiku ule, mezani, alimuuliza mwanawe mchezo ule unaitwaje.

"Kubaki na Kuondoka," kijana alijibu huku anakula.

"Nani amewafundisha?"

"Hakuna. Upo tu."

"Upo tu tangu lini?"

Kijana aliinua mabega. Dada yake akadakia kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi: "Mimi ni wa kuondoka, mama. Baba pia. Wewe na kaka ni wa kubaki." Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Fundi Baridi, ambaye kwa desturi hakosi utani, alijaribu. "Basi tukiondoka mimi na wewe, nani atawatengenezea hawa friji?" Msichana hakucheka. Alimtazama baba yake kwa huruma, kama mkubwa anavyomtazama mtoto asiyeelewa.

Kesho yake mwalimu alikwenda kwa mwalimu mkuu. Huyu ni mzee wa watu, anakaribia kustaafu, na hataki matata. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mwalimu," alisema, "siasa iishie getini. Ukisimama mbele ya darasa kuzungumzia rangi za watu wakati huu, kesho utaambiwa unampigia mtu kampeni. Ni mchezo. Watachoka."

"Mkuu, huo siyo mchezo. Watoto wakicheza wanapiga kelele."

"Basi si ndicho ulichokuwa unakitaka? Watulie?"

Wote wawili walicheka, anasimulia, na mpaka leo kicheko kile kinamkera kuliko maneno yenyewe.

Alipiga marufuku mchezo katika darasa lake. Haukuchezwa tena mbele yake. Lakini kila asubuhi alikuta madawati yamesogea kidogo. Si sana, upana wa kiganja. Siku iliyofuata, upana wa viganja viwili. Katikati ya darasa pakatokea njia ambayo hakuna aliyeikata, na alipowaambia wayarudishe madawati waliyarudisha kwa adabu zote, "ndiyo, mwalimu," na asubuhi njia ilikuwepo.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakueleweka ni wa wapi. Siku ya mawingu alipimwa akabaki. Siku ya jua kali alipimwa akaondoka. Mtoto yule alianza kuvaa sweta katika joto la kumtoa mtu jasho la mgongo. Akawa hakai dirishani. Akitoka nje anatembea akiwa amegusa ukuta, kwenye kivuli, na kivuli kikiisha anasimama.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, vua sweta, utaugua.' Akaniambia, 'Nikivua nitabadilika.' Nikaenda chooni nikalia. Mtu mzima, mwalimu, nalia chooni."

Na walimu je? Mwalimu Tulia anatabasamu kidogo. Anasema hakuna aliyemwambia neno baya. Ila ofisini, kiti alichozoea kukalia mwalimu wa hesabu, pembeni yake, kikawa kimehamia dirishani. Hakumuuliza. Naye hakueleza. Waliendelea kupeana sukari.

Kisha ikafika siku ambayo anaisimulia akiwa ameshika ukingo wa meza.

Zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kura. Baada ya mapumziko aliingia darasani na somo la uraia mkononi. Upande mmoja wa njia watoto walikuwa wameketi, wamefungua madaftari, wanaandika tarehe. Upande wa pili haukuwa na mtu. Madawati yalikuwa yamefutwa. Hakukuwa na begi, kalamu wala kipande cha karatasi sakafuni.

"Wenzenu wako wapi?"

"Wameondoka, mwalimu."

"Wamekwenda wapi?"

"Wameondoka," walirudia, baadhi yao bila kuinua vichwa. Msichana wa sweta alikuwa ameketi mwisho kabisa, upande wa waliobaki. Anga lilikuwa na mawingu siku ile.

Mwalimu alikimbilia getini. Mlinzi, mtu mzima mwenye heshima zake, alishangazwa na haraka yake. Aliwaona, ndiyo. Walitoka wawili wawili, wameshikana mikono, mabegi mgongoni. Alidhani ni ziara na mwalimu ametangulia.

"Walinipa shikamoo wote, mmoja mmoja," alisema mlinzi. "Hata nikajisemea, siku hizi mnawalea vizuri."

Pale getini ndipo mwanawe alipomkuta. Alikuwa ametoka mbio darasa la sita bila ruhusa, midomo imekauka.

"Mama, nilidhani ni mchezo."

"Wako wapi?"

"Stesheni. Walikubaliana stesheni. Mama, nilidhani ni mchezo tu."

Stesheni ya zamani iko mwisho wa mji, nyuma ya maghala matupu. Garimoshi halijapita pale tangu mwalimu mwenyewe akiwa msichana. Reli nyingine zimeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu, zilizobaki zimefunikwa na majani. Alimpigia simu mumewe, akaja na pikipiki, sanduku la vifaa bado limefungwa nyuma. Wakapakiana watatu, mtoto katikati.

Waliwakuta jukwaani.

Walikuwa karibu ishirini, pamoja na wadogo wawili watatu wa madarasa ya chini. Waliketi kwenye ukingo wa jukwaa kwa mstari, wamepakata mabegi, migongo imenyooka. Hakuna aliyekuwa akilia, akila wala akichezea kokoto. Binti yake alikuwa wa mwisho katika mstari, amemshika mkono mtoto mdogo kuliko wote.

"Unasubiri nini hapa, mwanangu?" Mwalimu anasema sauti yake haikuwa yake.

"Gari."

"Gari gani?"

"La kuondoka."

"Mwanangu, hakuna gari linalopita hapa."

Msichana alimtazama kwa subira. "Linakuja," alisema. Na hapo watoto wote kwa pamoja wakageuza vichwa upande mmoja, kule reli inakopotelea kwenye majani, kama watu waliosikia kitu.

Mwalimu Tulia anachagua maneno anapofika hapa. Ni mtu wa somo la uraia na sarufi, si mtu wa mambo ya ajabu, na anajua maneno yake yatasomwa gazetini.

"Sikuambii niliona kitu," anasema. "Sikuona. Nakuambia tu kwamba nyayo zangu zilisikia. Simenti ilikuwa inatetemeka kidogo, hivi, kama inavyotetemeka lori zito likiwa mbali. Nilimtazama mume wangu. Naye alikuwa anatazama miguu yake."

Fundi Baridi, anayemsikiliza mkewe kutoka mlango wa karakana yake, uani kwao, hakanushi wala hakubali. "Mimi nilichofanya ni kumnyanyua mwanangu," anasema. "Mambo mengine muulize mwalimu."

Alimnyanyua, kisha akamnyanyua na aliyefuata, na aliyefuata, mmoja mmoja kutoka ukingoni, kama mtu anayepakua mzigo wa vyombo vya udongo. Kaka mtu alikuwa akiwapokea na kuwashika mikono. Mara walipokanyaga udongo, wakaanza kulia. Wote. Walilia kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuwa akianika nguo mbali kule akaja mbio akidhani kuna ajali.

"Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile," anasema mwalimu.

Nyumbani, mchana ule, alimketisha mwanawe kitandani. Hakumpiga.

"Kwa nini ulimgusa dada yako bega la kushoto?"

Kijana alivuta uzi wa shuka.

"Ningemweka kwetu wangesema sijui kupima."

"Waseme. Kwani wangekufanya nini?"

"Wangenipima mimi."

"Wewe? Wewe si umefanana na mimi?"

"Wangemtazama baba," alisema.

Dada yake, aliyekuwa mlangoni anasikiliza, aliingia na kumtetea. "Usimgombeze, mama. Aliniambia nitangulie. Alisema atakuja."

Mwalimu anasema maneno hayo ndiyo yaliyomnyima usingizi kuliko yote. Si kwamba mwanawe alikuwa na chuki. Hakuwa nayo hata tone. Alikuwa anampenda dada yake na alimpanga kwenye mstari wa kuondoka, na yote mawili yaliishi ndani ya mtoto mmoja bila kugombana.

"Nikajiuliza, wakubwa wangapi wako hivyohivyo?"

Jibu alilipata mapema kuliko alivyotaka. Wazazi waliitwa kwenye kikao. Baba mmoja alisimama akasema watoto wamecheza tu, tusikuze mambo. Mama mmoja, mtoto wake alikuwa stesheni, akamjibu kwa sauti ndogo: "Wa kwangu ameniuliza kwetu ni wapi. Nimezaliwa mtaa wa pili kutoka hapa. Nimwambie nini?" Mwalimu mkuu aliwashukuru wote kwa kufika.

Siku ya kura, darasa la nne lilikuwa kituo. Mwalimu Tulia alipiga kura chini ya ubao wake mwenyewe. Alikuta majirani kwenye foleni, wakamsalimia, wakamuulizia mtoto, wakampisha mbele kwa kuwa ni mwalimu wa watoto wao. Ilikuwa siku nzuri, anasema, ya watu kuonyeshana adabu.

Matokeo yalibandikwa mlangoni. Mgombea wa ile sauti ya upole alishindwa nchi nzima. Pale mlangoni hakushindwa.

"Nilisoma mara tatu. Kisha nikageuka nikatazama barabara. Wale wale. Huyu anauza vitumbua, huyu anapita na baiskeli, huyu ananipungia mkono, 'Mwalimu, habari za leo?' Nzuri, nikamjibu. Zaidi ya nusu, na sijui ni nani. Mtu akinichekea namtazama mdomo, halafu namtazama macho. Hiyo ndiyo iliyobaki, ndugu mwandishi. Gari la kampeni limekwenda, sauti nimeachiwa mimi, niitafute iko kwa nani."

Fundi Baridi alipata kazi mji mwingine, kwenye kiwanda cha barafu, na akamwachia mkewe uamuzi. Kwa muda walizungumza habari ya kuhama karibu kila jioni. Walikuwa wakizungumza chumbani, mlango umefungwa, wasisikike. Mwishowe binti yao mwenyewe ndiye aliyewauliza, akiwa anasukwa nywele, kama huko waendako watu hawana mikono ya kupimana.

Hawakuhama.

Si kwamba mambo yamekuwa shwari. Mwalimu wa hesabu amerudisha kiti, lakini kwa mazungumzo ya kusuasua. Msichana wa sweta alihamishwa shule na wazazi wake, na hakuna ajuaye kule anaivaa au ameivua. Kaka na dada wanagombania rimoti kama zamani, ila kijana bado hajaomba radhi, na mama hataki kumsukuma. Anasema radhi ya kusukumwa haina maana. Juzi alimwona akimkatia dada yake kucha, polepole, ameshika ule mkono kama kitu cha kuvunjika, naye mama akatoka chumbani akinyata.

Mwaka wa shule unakwisha, na Mwalimu Tulia amekwenda tena kwa mwalimu mkuu. Safari hii kuomba abadilishiwe darasa. Hakuomba kupanda. Aliomba darasa la kwanza, ambako walimu wengi hupelekwa kama adhabu.

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Mwalimu mzima wewe, miaka yote hii kazini, unataka kwenda kufuta watoto makamasi na kuwafunga kamba za viatu?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kuna nini huko?"

"Wanakuja wana miaka sita," alimjibu. "Mkuu, nataka niwafikie kabla hawajafikiwa."

Mwalimu mkuu aliifuta miwani. Kisha akavuta kalamu na kuandika jina lake. Januari ijayo, watoto watakaovuka geti lile kwa mara ya kwanza maishani mwao watamkuta yeye mlangoni, amewanyooshea mkono.